Nguo za Idi Zilizopandwa Baharini

Jua likishazama siku ya ishirini na tisa ya Rajabu, mama yangu alikuwa na kawaida ya kusimama uani, nyuma ya jiko, akatazama magharibi juu ya minazi. Akiuona mwezi umeandama huomba dua yake, hujipangusa uso kwa viganja, halafu hurudi ndani kuhesabu kamba. Majirani zetu wa Jambiani nao walikuwa wakiutafuta mwezi huo huo wa Mlisho, wajue umebaki mwezi mmoja wafunge. Mama alikuwa na lake. Kwake yeye, mwezi huo ulikuwa ndio wa kupanda nguo zetu za Idi.

Nieleze, maana msomaji wa Dodoma au Nakuru anaweza kudhani nacheza na maneno. Mwani wa kulima, ule wanaoupanda wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, huchukua kiasi cha siku 45 tangu kufungwa kwenye kamba hadi kuvunwa. Bamvua, zile siku ambazo maji hukupwa mpaka mtu akatembea kwa miguu kwenda mbali kabisa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Baina ya bamvua moja na jingine kuna siku kumi na nne au kumi na tano. Zidisha mara tatu. Anayepanda mwezi mosi Mlisho huvuna katikati ya Ramadhani, akaanika siku tatu nne, akauza, na bado akawa na wiki nzima ya kwenda mjini, sokoni Darajani, kununua kitambaa kabla fundi cherehani hajaanza kukataa kazi. Hesabu hiyo mama hakufundishwa na bwana shamba yeyote. Aliigundua mwenyewe akiwa maji magotini, katika nyumba isiyokuwa na kalenda ukutani.

Jina lake silitaji. Nilipomwambia nataka kumwandika gazetini alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia, "Andika habari za mwani, mwanangu. Mimi nina habari gani? Ukinitaja nitapita wapi na uso wangu?" Basi nimemwacha na uso wake.

Nimezaliwa mwaka 1989, mwaka ambao kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar, na kilianzia huku kwetu, Paje na Jambiani. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, aina mbili, spinosamu na kotonii. Mama husema siku alipoingia baharini kufunga mbegu kwa mara ya kwanza mimi nilikuwa tumboni, mimba ya miezi saba, na kwamba ndiyo maana siogopi maji. Si kweli. Maji nayaogopa mpaka leo, ila sijawahi kumkatalia.

Kabla ya hapo wanawake wa kwetu walikuwa na kazi ya makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani pwani miezi mingi, yakaoza, yakafukuliwa yakinuka harufu isiyotoka mkononi hata kwa sabuni, yakapigwa kwa rungu mpaka yakaacha usumba, kisha usumba ukasokotwa kamba pajani. Bibi yangu alikuwa na paja moja jeusi kuliko jingine kwa kusokota. Pesa yake ilikuwa ya chumvi na kibiriti. Mwani ulipoingia, mwanamke aliweza kushika pesa ya mfuko wa unga, ya daftari za watoto, mpaka ya kitanda. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Baba alikuwa mvuvi. Msimu wa dago, yaani kambi za wavuvi za mbali, alikuwa akiondoka na wenziwe wiki kwa wiki, na akirudi alizoea kukuta nyumba inamsubiri yeye na samaki wake. Sasa alikuta mke hayupo, yuko kwenye maji, na jungu limefunikwa. Vijijini kwetu ndoa kadhaa ziliingia maji miaka ile, na zipo zilizozama kabisa. Baba hakutoa talaka. Alinuna. Alinuna kiasi cha mwaka mmoja na nusu, mpaka mama alipoleta mabati. Alikuwa akinunua moja moja na kuyaficha kwa kaka yake Makunduchi, na siku moja yakaja yote juu ya gari la ng'ombe, yakiwaka jua. Makuti yakashuka, bati likapanda. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati lile, baba alikaa barazani akisikiliza, akasema peke yake, "Hili litatutia uziwi." Mama anaihesabu kauli hiyo kuwa ni msamaha alioombwa.

Kazi ya mwani watu huiona ufukoni, lakini nusu yake hufanywa nyumbani usiku. Kila kamba ya shamba hufungiwa vikamba vyembamba vya plastiki, tunaviita taitai, kila baada ya shubiri moja hivi, na kila taitai ndiyo itakayoshika kipande cha mbegu cha ukubwa wa ngumi. Tulikaa mkekani kwenye mwanga wa kandili, mimi, kaka yangu, mdogo wangu, na mama katikati. Sharti lake lilikuwa moja. Kila fundo na Bismillahi yake, kwa sauti. Akitusikia tumenyamaza alijua tunasinzia, au tunafunga ovyo, na kwake mambo hayo mawili yalikuwa dhambi moja. Baadaye kaka alipoanza kuhifadhi juzuu ya Amma, sharti likapanda daraja, akawa anasoma sura huku anafunga, akikosea anafundua. Nimewahi kupiga hesabu kichwani, kamba ngapi kwa bamvua, bamvua ngapi kwa mwaka. Bahari ile ya Jambiani imelazwa Bismillahi nyingi sana.

Asubuhi za bamvua maji kwetu hukauka kabisa kama saa nne. Kina mama huingia saa mbili au saa tatu, wakiyafuata maji yanavyorudi nyuma, kila mmoja na shamba lake, mistari ya vijiti vilivyogongomewa mchangani na kamba zilizokazwa baina yake. Mama alikuwa akitangulia kwenye mistari ya mbali na kumalizia ya karibu, ili maji yakianza kujaa yamkute anarudi. Huinama saa tatu nzima. Anafundua, anafunga, anang'oa majani ya porini yanayozonga mbegu, anapapasa mchanga kwa ncha ya mguu kabla ya kukanyaga, asije akamwamsha samaki aitwaye taa. Hutoka akiwa na kiroba kinachomwaga maji mgongoni, na mwani mbichi ni mzito, kilo saba au nane zake zikikauka hubaki moja. Adhuhuri inamkuta njiani. Hutia udhu kwa maji yale yale ya chumvi, maana ya bahari ni tohara, na akisimama kusali kwenye mchanga wa juu, chumvi inayokauka miguuni humchora mistari myeupe kama soksi. Nikiwa mdogo nilidhani ni pambo la wanawake watu wazima.

Sasa turudi kwenye mwezi, kwani hapa ndipo bahari na dini zinapokutana kwa namna ambayo sijaona ikiandikwa. Idi ndogo ni mwezi mosi, mfungo mosi. Mwezi unapoandama ni bamvua. Kwa hiyo Idi ndogo, mwaka wowote, iwe ya kaskazi, iwe ya masika au ya kusi, huangukia siku ambayo maji yanakupwa kuliko siku za kawaida na shamba liko wazi. Idi kubwa ni kinyume chake. Ile ni mwezi kumi mfungo tatu, maji mafu, bahari haiendi popote na wanawake wamo majumbani. Mkulima wa mwani huisherehekea Idi kubwa kwa utulivu. Idi ndogo huisherehekea sikio likiwa pwani. Ramadhani nayo huanza kwa bamvua, katikati yake lipo jingine, na uvunaji wa kutununulia nguo huangukia hilo la katikati, mtu ana kiu tangu alfajiri, jua la saa tano liko kichwani, na maji yamemzunguka ambayo hawezi kuyanywa hata angekuwa hajafunga.

Mwaka wa Elnino mvua zilianza Oktoba 1997 na zikakataa kuondoka. Vuli kwetu ni mvua ya kupita. Ile iliweka kambi. Ramadhani iliingia mwisho wa Disemba na barabara ya kijiji ilikuwa bado mto. Mama alikuwa amepanda mwezi mosi Mlisho kama kawaida yake, akavuna katikati ya Januari kama kawaida yake, na mwani ule ulikuwa mzuri, mnene, wa rangi ya zambarau. Tuliuanika juu ya makuti ya kusuka mbele ya nyumba. Mwani ukipata jua kali siku tatu, hukauka ukatoa chumvi, ukawa mgumu kama waya. Ukinyeshewa, maji matamu huutoa rangi, ukawa mweupe, ukalainika, ukaanza kuoza, na hakuna anayeununua.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulikuwa tukisoma watoto wa mwani na watoto wasio wa mwani, na ungeweza kututambua bila kuuliza, kwani sisi tulisoma jicho moja liko dirishani. Siku ile wingu lilitokea baharini likiwa jeusi upande wa chini. Mwalimu alikuwa anatufahamu. Hakusubiri tuombe ruhusa, alifunga msahafu wake na kusema, "Nendeni." Tulikimbia kwa pamoja kama tumefunguliwa zizi. Nilipofika nyumbani mama alikuwa keshapiga magoti, anakusanya kwa mikono miwili, anasukumia chini ya baraza, na matone ya kwanza yalikuwa yanatoboa mchanga mashimo makubwa makubwa. Tuliokoa kiasi cha theluthi. Theluthi hiyo haikupata jua siku sita. Siku ya saba ilikuwa inanuka, na mama aliibeba mwenyewe, peke yake, akaenda kuimwaga.

Kwa hiyo Idi ile hatukushona. Mama alilichukua gauni langu la mwaka uliopita akalifumua pindo, likashuka mpaka chini ya goti, na pale lilipokuwa limekunjwa palibaki mstari wa waridi kolevu ukilizunguka gauni lililokwisha kupauka. Nililia. Aliuangalia mstari ule kwa muda, akachukua uzi wa manjano, akashona juu yake mshono wa kupinda pinda kuuzunguka wote. Wasichana wawili wa jirani waliniuliza nani aliyenishonea lesi. Sikusema kitu, na nadhani huo ndio uwongo wa kwanza kuusema nikiwa nimefumba mdomo.

Asubuhi ya Idi sala ikaisha, watu wakapeana mikono, watoto wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mkono wa Idi. Mama alituandalia mkate wa maji na mchuzi, akavaa kanga yake nzuri, akapokea wageni wawili watatu. Kila baada ya muda alikuwa akiniambia, "Hebu katazame maji yamefika wapi." Nakwenda mpaka kwenye mvinje wa mwisho, narudi namwambia yamefika kwenye ngalawa ya fulani, yamefika kwenye jiwe. Nilipomwambia yamepita jiwe, aliinuka, akavua kanga nzuri akavaa ya kazi, akabeba kiroba cha mbegu alizozibakisha kwenye maji. Shangazi yangu alimkemea. Idi, wallahi, siku ya kula na kunywa! Mama alijibu akiwa keshafika mlangoni, "Bamvua halijui Idi, wifi yangu. Na mimi nikila leo, mfungo pili nitakula nini?" Nilimfuata nikiwa na gauni langu la mshono wa manjano. Shamba zima tulikuwa wawili, na kule nyuma ngoma za sikukuu zikisikika kwa mbali.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiikumbuka siku ile kwa uchungu. Sasa naikumbuka kwa namna nyingine, ingawa sijui kama uchungu wenyewe umetoka.

Baada ya Elnino mambo yalitulia kidogo, halafu kotonii ikaanza kufa. Hii ndiyo iliyokuwa na bei, bora sana kuliko spinosamu, na ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kubadilika rangi kwenye matawi, ikawa na mabaka meupe kama barafu, ikikatika ukiishika. Wataalamu walieleza kwamba maji ya kina kifupi yanapata joto kupita kiasi, hasa kaskazi, maji yanapokupwa mchana na jua likayachemsha yale yaliyobaki, na mmea uliochoka hushikwa na maradhi na kuzongwa na magugu. Kina mama walisema kwa neno moja: unaungua. Tukabaki na spinosamu, yenye ustahimilivu zaidi na bei ya chini. Kazi ile ile, mgongo ule ule, pesa nusu. Mnunuzi alikuwa anatupa kamba na taitai, na kwa sababu hiyo bei alipanga yeye, mizani ilikuwa yake, na siku ya gari kuja aliijua yeye. Nimeshuhudia kiroba kilichopimwa nyumbani kwa mizani ya duka kikapungua kilo mbili kwa mwendo wa hatua mia moja.

Wizi nao ukaingia. Ukiamka unakuta kamba kumi za mstari wa mbali zimekatwa. Kina mama walikaa kikao chini ya mkungu, wakakubaliana kusoma Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwovu, ili mwizi aumbuke. Mama alikataa kutoa mchango wake, na watu walimsifu kwa moyo wa huruma. Miaka mingi baadaye aliniambia sababu. Alikuwa anamshuku binamu yake baba. "Halbadiri ikimpata, mazishi na matanga ni ya nani? Si yetu?"

Nimefika mahali ambapo nilisitasita kupaandika. Mwaka 2003, wakati wa kusi, baba alianguka kwenye ngalawa akiwa bado ufukoni, anatengeneza tanga. Kupooza, upande mzima wa kulia. Majirani walichanga, gari likapatikana, akapelekwa mjini, akarudi baada ya siku kumi na moja akiwa hai, na karatasi ya dawa, na maagizo ya kurudi kila wiki kunyooshwa viungo. Mchango wa majirani una mwisho. Samaki hawakuwepo tena. Kaka alikuwa ndio kwanza anahangaika na vibarua vya hoteli. Kilichokuwepo ni mwani shambani, na mwani ule ulikuwa na bamvua mbili.

Kwa mtu wa kwetu hilo linatosha kueleza kila kitu. Mwani wa bamvua mbili haujakomaa. Uzito wake ni mdogo, ule ute unaotafutwa na viwanda vya dawa ya meno na aiskrimu haujajaa ndani yake, na ukiukata umekula pia mbegu ya msimu unaofuata. Mama alikuwa mkali kwa wenziwe wanaokata mwani mchanga, akiwaambia wanakula mtoto wa watu. Asubuhi hiyo aliniamsha mapema, tukaingia maji yakiwa bado kiunoni, kabla ya wengine. Alianza kukata mistari ya mbali kabisa, ambayo mtu wa ufukoni hawezi kuona kama iko mitupu. Hakusema Bismillahi. Niliingoja na haikuja. Viroba tulivipitisha uchochoroni, na badala ya kuanika mbele ya nyumba, alipanda ngazi akaanika juu ya paa, juu ya mabati yale yale.

Baba alilala kwenye chumba cha mbele, chini ya bati hilo hilo. Mwani unaokauka una harufu yake na una sauti yake, unakwaruza. Jioni aliuliza kwa maneno yake mapya, yaliyokuwa mazito, "Mbona mwani uko juu?"

"Ng'ombe wamezidi pwani," mama alimjibu.

Ni kweli ng'ombe wa Jambiani hutembea ufukoni kama wenye nyumba. Baba akanyamaza. Halafu akauliza, "Una bamvua ngapi?"

Mama alikuwa anamlisha uji. Hakujibu. Aliufuta uji uliomwagika kidevuni, akachota kijiko kingine. Baba alikuwa mvuvi miaka thelathini, kuhesabu bamvua hakuhitaji kuuliza mtu. Aligeuza uso ukutani, ule upande aliouweza, na mkono wake wa kushoto ukatafuta ncha ya kanga ya mama ukaishika. Mtu wa mnunuzi alipokuja aliubonyeza mwani baina ya vidole, akasema haukukomaa, akautaja kwa bei ya nusu huku anatazama pembeni. Tulipanda gari la mjini siku ya pili yake, baba akiwa amelazwa kiti cha nyuma. Aliishi miaka minne zaidi.

Kina mama wa kwetu husifiwa sana kwa subira, hasa wakishakufa. Neno lenyewe limechapwa kwenye kanga nyingi mno hata limekwisha rangi. Mimi niliyelelewa ndani ya subira hiyo naona watu wanaitaja kama vile ni kukaa kitako ukingoja Mungu afanye. Kwa mama yangu ilikuwa ni kazi ya kuhesabu. Mwezi, maji, kamba, deni la duka, siku za ada, mwanya wa mvua. Alimtegemea Mungu kwa kila fundo, na fundo alilikaza mwenyewe. Na pale hesabu ilipomwambia ngoja bamvua moja zaidi, na mume wake hakuwa na bamvua moja zaidi ya kungoja, aliivunja hesabu kwa kisu, akaificha juu ya bati, akalipa. Nilipomuuliza mwaka juzi kama aliona alifanya kosa, alisema alitubia. Nikamuuliza kama ingetokea tena? "Ningekata," akasema, "halafu ningetubia tena."

Siku hizi mashamba yamepungua Jambiani na Paje. Wageni wanaruka na miavuli yao ya upepo juu ya maji yale yale, kamba nyingine zinakatika, na picha za kina mama walioinama zinauzwa nchi ambazo sisi hatuendi. Dk. Flower Msuya, aliyetafiti mwani kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, amewafundisha wanawake kulima kwenye maji ya kina, yenye ubaridi, ambako kotonii inaweza kuishi, na kusaga mwani wakatengeneza sabuni wakauza wenyewe badala ya kungoja gari. Sabuni mama aliipenda. Anaitia karafuu, na amekuwa mjuvi wa kuwatisha watalii kwa bei. Maji ya kina ni jambo jingine, kunatakiwa boti na kuogelea, na yeye, pamoja na miaka yote hiyo baharini, hajui kuogelea, kama walivyo wengi wa rika lake. Waliijua bahari inapokuwa haipo.

Magoti yamemshinda. Shamba la mbali amempa mdogo wangu, yeye amebakiwa na mistari minne ya karibu ambayo tunamkataza kila tukipiga simu, naye kila tukipiga anatuambia ameshaacha.

Idi ndogo iliyopita nilikwenda na wanangu wawili. Gauni la binti yangu lilinunuliwa dukani Dar es Salaam, limeshonwa nchi ya mbali na mtu ambaye huenda naye ana watoto. Mama alilipindua akaangalia mishono ya ndani, akaguna. Tukala mkate wa maji. Wageni wakaja, wakaondoka. Alikuwa amekaa barazani na kanga yake mpya, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, akizungumza na shangazi yangu, wifi yake yule yule, habari za watu waliokwisha kufa. Ilikuwa saa nne na kitu. Nikaona anakatisha neno katikati, anageuka kumtazama mjukuu wake.

"Hebu katazame maji yamefika wapi."

Binti yangu alikwenda mbio na viatu vyake vipya mpaka kwenye mvinje, akasimama, akarudi anahema. Hakuyajua majina ya mawe.

"Bibi," akasema, "maji hayapo."

Mama akashusha mguu kutoka kwenye kigoda.